Mpwa wangu, dakika 15 zinatosha

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia klarineti imefika, na kwamba siku ya kwanza uliipuliza saa tatu mfululizo hadi akajifungia chumbani. Furaha hiyo naijua. Ndiyo iliyonifanya mimi mjomba wako nusura niiue klarineti yangu ya kwanza, kwa hiyo iweke chini kidogo unisikilize.

Hicho ulichoshika ni mpingo. Ni mti mzito kiasi kwamba gogo lake likitiwa majini linazama, lakini ugumu huo usikudanganye. Bado ni mti: ukipata unyevu unavimba, ukikauka unasinyaa. Unapopuliza, pumzi ya moto yenye maji inapita ndani ya bomba. Ndani kunaanza kuvimba ilhali nje bado kukavu, pengine na baridi. Pande mbili zikivutana kupita kiasi, mti unapasuka. Yangu niliitoa kwenye kasha asubuhi ya baridi nikaanza kupuliza papo hapo. Siku chache baadaye nikaona mstari mwembamba kama unywele, umetoka tundu moja hadi jingine kwenye kipande cha juu. Mipasuko hupenda kipande hicho, maana pumzi hufika hapo ingali moto.

Basi wiki hii ya kwanza piga dakika 10 hadi 15 kwa siku, kisha uwe unaongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Najua ni mateso. Kabla ya kuanza, kikumbatie kipande cha juu mpaka kipate joto la mwili wako. Usikipashe kwa kukipulizia ndani. Utakuwa unaleta kilekile tunachokikimbia.

Ukimaliza, ikaushe, hata kama utairudia baada ya nusu saa. Kile kitambaa chenye uzi na kizito, dondosha kizito kwa upande wa chini uliotanuka, halafu vuta polepole. Kikunjue vizuri kwanza: ndani ya kipande cha juu kuna kibomba kimechomoza, na ndicho kinachonasa vitambaa. Kikikwama usivute kwa hasira, kirudishe kilikotoka. Futa pia maungio, maji hupenda kujificha humo. Ulimi, kile kipande chembamba cha tete kinachotetema ukipuliza, utoe, uufute, uuweke kwenye kibweta chake. Uwe na ndimi tatu au nne za kupokezana. Kipande cha mdomoni kioshe kwa maji ya uvuguvugu tu. Ya moto huchujua weusi wake ukawa wa kijani kibichi kisichopendeza.

Ukisikia maji yanagugumia kwenye tundu, chomeka karatasi ya kusokotea sigara chini ya pedi, kile kifuniko laini cha tundu, ubonyeze taratibu inyonye. Ni karatasi ya sigara pekee nitakayokuruhusu kushika.

Kuhusu mafuta, mafundi wenyewe hawaelewani. Wako wanaopaka kila baada ya miezi michache, na wako wanaosema mpingo una mafuta yake, uachwe. Mimi niko na hawa wa pili kwa chombo kipya. Kikizeeka na kuonekana kimekauka ndani, mafuta ya lozi kidogo sana kwenye kitambaa, mbali na pedi. Mafuta ya mashine yasiingie bombani kamwe. Grisi ni jambo jingine: paka kidogo kwenye ule ukanda wa gome laini unapounganisha vipande, ukiona vinakataa kuingia. Na unapounganisha cha juu na cha chini, bonyeza zile pete za chuma zinazozunguka matundu ya cha juu ili kile kidaraja, kikono kinachounganisha vipande hivyo viwili, kiinuke. Wengi hukipinda wiki ya kwanza.

Weka kipimo kidogo cha unyevu kwenye kasha. Kikisoma kati ya asilimia 40 na 60, lala usingizi. Kuiacha juani au ndani ya gari sitaki hata kukusikia.

Na ukiona ule mstari wa unywele, acha kupiga, usitie gundi yako ya dukani, mpelekee fundi. Yangu aliiziba, akapitisha pini za chuma kukingama mpasuko, na hadi leo inalia.

Haya, leo umepiga dakika ngapi?

Mjomba wako