Harambee ya Mitambo ya Kupima Hewa Shuleni Kwetu, Dandora

Wazazi, majirani na wanafunzi wetu wa zamani, tunawasalimu.

Kila asubuhi kabla ya kengele, mwalimu wa zamu husimama langoni akatazama upande wa jaa. Moshi ukiwa umelala chini, watoto hawatoki uwanjani. Ukiwa umepaa, wanacheza. Kipimo chetu ni jicho la mwalimu tu, na jicho hukosea. Muhula uliopita kulikuwa na siku moja mbingu nyeupe pee, hata moshi hatukuuona, lakini ilipofika saa nne watoto watatu walikuwa ofisini, vifua vinapiga filimbi. Mmoja alikuwa amesahau inhela nyumbani. Mama yake alikuja mbio kutoka sokoni, aproni ingali kiunoni, kaishika inhela mkononi.

Chembe zinazodhuru zaidi hazionekani kwa macho. Wataalamu huziita PM2.5, kwa kuwa upana wake hauzidi mikromita 2.5, unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuzishinda mara 30 hivi. Hutoka kwenye taka zinazochomwa, magari ya dizeli, hata jiko la makaa. Pua haizizuii. Hushuka mpaka mwisho wa mapafu, na nyingine hupenya kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri wastani wa siku nzima usizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa, na wa mwaka usizidi 5. Uani kwetu ni ngapi? Hakuna aliyewahi kutupimia.

Kuna mtoto tunayemkumbuka sana kila tunapokutana kwenye kamati. Ella Adoo-Kissi-Debrah aliishi London, karibu na barabara yenye magari mengi. Alikuwa na pumu, akafariki Februari 2013 akiwa na miaka 9. Uchunguzi wa kwanza haukutaja hewa chafu. Mama yake, Rosamund, hakukubali. Maili moja hivi kutoka nyumbani kwao palikuwa na kituo cha kupima hewa, na kumbukumbu zake zikaonyesha jinsi uchafuzi ulivyopita viwango miaka ile mtoto alipokuwa akilazwa na kutolewa hospitalini. Desemba 2020 ikaamuliwa rasmi kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Yule mama alikuwa na uchungu kama mzazi yeyote, lakini pia alikuwa na tarakimu. Sisi uchungu tunao.

Tunataka kununua mitambo miwili midogo: mmoja juu ya paa la madarasa ya chini, mwingine karibu na lango. Ndani yake feni huvuta hewa, mwanga wa leza huimulika, na mtambo huhesabu chembe kwa jinsi zinavyotawanya ule mwanga. Unyevu huweza kuidanganya, ndiyo maana kabla ya kufungwa itawekwa kwanza kando ya mtambo mkubwa unaoaminika ili isahihishwe. Hatutaki kuwaficha: mitambo hii haisafishi hewa. Itatuambia lini tufunge madirisha, lini mazoezi yafanyiwe darasani, na mtoto gani awe na inhela yake mfukoni siku hiyo. Na kaunti ikiita wananchi kutoa maoni, tutakwenda na daftari la miezi mingi.

Lengo letu ni shilingi 180,000, kwa mitambo, sola, intaneti ya mwaka mmoja, usahihishaji, na mafunzo kwa walimu wawili. Harambee ni Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, saa tatu asubuhi, uwanjani. Asiyeweza kufika ampe mweka hazina wa kamati mchango wake, hata kama ni shilingi hamsini. Fundi wa umeme au wa kuchomelea aje pia: tunahitaji mlingoti wa mita 3 na mtu asiyeogopa kupanda paa. Majina ya waliochanga na risiti za ununuzi vitabandikwa pamoja kwenye ubao wa ofisi.