Siyo kila kipindi kilichofutwa kilikosa watazamaji

Mhariri, salaam.

Nimesoma ile makala yenu ya televisheni za zamani za Marekani na nimeifurahia, ila kuna mahali mwandishi ameteleza. Anasema enzi zile za chaneli tatu, NBC, CBS na ABC, mambo yalikuwa mepesi, kipindi chenye watu kinabaki, kisicho na watu kinakufa. Hapana bwana. Mimi natunza wazee huku Minnesota, zamu ya jioni, na tivii ya sebuleni haitoki kwenye chaneli ya vipindi vya kale, kwa hiyo hizi habari nazisikia kila siku kwa watu waliokuwepo, na nyingine nimejisomea mwenyewe kwa ubishi tu.

Chukua 1971. CBS walifagia The Beverly Hillbillies, Green Acres, Mayberry R.F.D., Hee Haw, hata yule mbwa Lassie hawakumwonea huruma. Vyote vya shamba shamba. Sasa ukiangalia hesabu za msimu ule za Nielsen, ile kampuni inayopima watazamaji, Mayberry na Hee Haw vilikuwa bado ndani ya 20 bora, yaani watu wapo tele! Tatizo ni watu gani. Wengi walikuwa wa makamo na wa vijijini, na wenye matangazo walikuwa wanawataka vijana wa mjini wenye hela ya kutumia, basi rais wa CBS Robert Wood pamoja na Fred Silverman, aliyekuwa mkuu wa vipindi, wakapitisha panga. Pat Buttram, aliyeigiza kwenye Green Acres, akatania kwamba CBS wamefuta kila kitu chenye mti ndani yake. Hapa kwetu kuna babu mmoja, amelima mahindi Iowa maisha yake yote, ukimgusia hiyo habari anavimba mpaka leo.

Halafu kuna suala la saa, na hapo ndipo mwandishi wenu hakugusa kabisa. M*A*S*H, kile kichekesho cha madaktari wa jeshi vitani, ilianza Septemba 1972 kwa CBS, Jumapili saa mbili usiku kwa saa za New York, upande wa pili NBC wana Disney inayoshikilia familia nzima, msimu ukaisha iko ya 46. Wengi wakifika hapo ndiyo basi tena. Ila 1973 wakaihamishia Jumamosi saa mbili na nusu, nyuma tu ya All in the Family iliyokuwa namba moja nchi nzima, na msimu huo ikamaliza ya 4. Madaktari walewale, mahema yaleyale, utani uleule, kilichobadilika ni jirani tu. Manake nyumba nyingi hazikuwa na rimoti, mtu ameshajibwaga kwenye kochi na sahani yake mapajani, nani anyanyuke akazungushe chaneli? Wapanga ratiba walikijua hicho kiuvivu chetu wakakifanyia kazi hasa, kipindi kichanga wanakipachika nyuma ya kile kikali, au katikati ya viwili vikali kibebwe huku na huku kama mlevi anayerudishwa nyumbani. Hiyo M*A*S*H iliyotaka kufa, siku yake ya mwisho Februari 28, 1983 ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 100.

Star Trek, ile ya safari za anga, ndiyo kinyume chake, yenyewe saa mbaya iliiua. Mwaka 1968 NBC waliwaahidi Jumatatu mapema, mwishowe wakawapa Ijumaa saa nne usiku. Jamani, watazamaji wenyewe vijana na wanafunzi, Ijumaa saa nne nani amekaa nyumbani? 1969 ikazikwa. Vituo vya miji mbalimbali vikanunua marudio, vikayarusha jioni mapema, ikapendwa kuliko ilipokuwa hai.

Na Gunsmoke, ile ya makauboi, je? Mwaka 1967 ilishafutwa, mkubwa wa CBS mwenyewe William Paley akagoma, ikatolewa Jumamosi ikapelekwa Jumatatu, ikarudi kumi bora na ikaishi mpaka 1975. Waliofukuzwa kuipisha ni wa kipindi kingine cha CBS, Gilligan's Island, ambao walishaambiwa wanarudi msimu ujao. Hapo watazamaji waliulizwa saa ngapi? Tena hata hao Nielsen, miaka ile walikuwa wanapima nyumba kama 1,200 tu halafu ndiyo nchi nzima hiyo.

Kilichonichekesha zaidi ni kwamba mwaka huohuo 1971 sheria ya FCC, mamlaka ya serikali ya utangazaji, ikaanza kuzibana netiwoki, yaani zile chaneli tatu, kwenye miji mikubwa 50 zisizidi masaa matatu ya ule usiku mzuri wenye watazamaji wengi, kwa hiyo vituo vya mijini vikabaki na nafasi ya kujaza vyenyewe. Vikajaza nini? Hee Haw, na Lawrence Welk, yule wa kipindi cha muziki, ambaye ABC nao walikuwa wamemtupa. Walewale! Hee Haw wakaendelea kurekodi Nashville vipindi vipya kwa miaka mingine kama 20, bila CBS.

Babu anasema kwao Hee Haw ilikuwa Jumamosi jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, na mkewe alikuwa anampigia kelele avue buti kwanza kabla hajakaa mbele ya tivii.

Msomaji wenu,
Minnesota, Marekani