Mabadiliko ya Matembezi ya Familia: Sasa Tunakwenda Pugu

Wazee wetu shikamoni, nanyi ndugu zangu wote habari za jioni.

Baada ya kushauriana na wazazi wenye watoto wadogo, Jumamosi hii hatutakwenda kisiwa cha Bongoyo bali Msitu wa Pugu, Kisarawe, kwa kuwa mara ya mwisho ufukweni Bibi alishinda akihamisha mkeka wake kukifuata kivuli cha mvinje mmoja, nami niliumia kumwona akihangaika vile. Pugu kivuli kipo siku nzima, hakuna kupanda boti, na watoto wataonyeshwa mapango yaliyochimbwa zamani kutafuta madini ya kaolini, ambamo sasa wanaishi popo.

1. Tukutane saa 1:00 asubuhi nje ya stesheni ya TAZARA. Basi litaondoka saa 1:30 kupitia Gongo la Mboto.
2. Mchango ni shilingi 20,000 kwa mtu mzima na 8,000 kwa mtoto, nauli na kiingilio vikiwemo. Mhazini ataupokea hadi Alhamisi saa 2:00 usiku.
3. Pilau na kachumbari wataandaa akina shangazi. Vijana walete maji, mikeka na mifuko ya taka, maana hatutaacha hata ganda la chungwa msituni.
4. Tuvae viatu vya kufunika miguu, kwani njia huteleza mvua ikinyesha.

Tafadhali kila kaya ithibitishe hapa kabla ya kesho saa 6:00 mchana, ikitaja idadi ya wakubwa na watoto, ili nikodi basi linalotutosha. Mwenye mzee wa kufuatwa nyumbani aniandikie leo.