Malalamiko kuhusu kamera ya video niliyouziwa Kariakoo

Tabata,
Dar es Salaam.
12 Februari 2026

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Vifaa vya Kielektroniki,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA SHILINGI 485,000 ZA KAMERA YA VIDEO ISIYOLINGANA NA MAELEZO YA BOKSI LAKE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nianze na jibu la fundi wenu, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kamera mliipokea, mkakaa nayo, kisha mkanirudishia ikiwa na kikaratasi kilichobandikwa juu: "Imepimwa, haina tatizo." Nakubaliana naye. Inawaka, inarekodi, inachaji. Mimi sikuleta dukani kamera mbovu. Nimeleta kamera ambayo siyo ile niliyouziwa, na hilo halipimwi kwa kuiwasha na kuizima.

Boksi lina mambo matatu yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: 4K, zumu mara 16, na kurekodi gizani. Kijana wenu wa kaunta aliyarudia yote, nilipomweleza kwamba nataka kitu cha kurekodi shughuli za nyumbani na safari za familia akaniambia, "Mama, hapa umemaliza." Nikalipa, nikapewa risiti ya EFD. Nakala yake nimeiambatanisha.

Tulianza nayo Mikumi. Tulipanda treni ya SGR hadi Morogoro, kutoka hapo tukachukua gari. Twiga alikuwa amesimama mbali kidogo na barabara, ametulia anakula, nami nikavuta zumu mpaka mwisho. Kwenye kioo cha kamera, ambacho ni kidogo kuliko kiganja, picha ilipendeza. Tuliporudi nyumbani na kuiweka kwenye televisheni, twiga hakuwa na macho. Shingo imegeuka vipande vya mraba vya kahawia na njano vilivyopangana, pembe zimeungana na matawi ya mti wa nyuma, na akitembea vile vipande vinachelewa kumfuata. Mnyama wa Taifa huyo.

Ndipo niliposoma karatasi ya maelekezo hadi ukurasa wa mwisho. Huko, kwa herufi za kusomwa na mwenye miwani, imeandikwa kwamba zumu ni ya kidijitali na kihisio, yaani kile kidude cha ndani kinachopokea picha, ni cha megapikseli 2, maana yake nukta milioni 2. Kwa wasiojua tofauti: zumu ya lenzi husogeza vioo vilivyomo ndani ya lenzi, ili kitu cha mbali kijae kwenye kihisio chote. Ukiivuta, mara nyingi unasikia au unaona kitu kinasogea. Zumu ya kidijitali haisogezi chochote. Inachukua kipande cha katikati ya picha, inatupa kilichobaki, halafu inakikuza kile kipande. Picha ya nukta 1920 kwa 1080 ukiivuta hivyo mara 16, unabaki na nukta 120 kwa upana na 67 hivi kwa kimo. Twiga mzima, na mti wake, na anga, vyote viliingia kwenye nukta kama elfu nane. Simu ya mwanangu wa sekondari inafanya ujanja huohuo bila kumgharimu mtu senti ya ziada.

Hiyo 4K nayo inaanguka palepale. 4K ni nukta 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8 kwa kila fremu, ile picha moja moja inayounda video. Kihisio kinachoona milioni 2, hizo nyingine kinazitoa wapi? Kinazikisia. Kamera inarekodi ilichokiona, halafu programu ya ndani inakitanua mpaka kifikie kipimo, kama maziwa yaliyoongezwa maji ndoo ikajaa. Nadhani ndiyo maana fundi wenu hakuona kasoro: ukifungua taarifa za faili, zinasema 3840 kwa 2160, na hazidanganyi kuhusu idadi ya nukta. Ila ukitaka kujua kilichomo, simama kituoni na urekodi kibao cha daladala kwa kamera hii, kisha kwa simu ya kawaida, mahali palepale, bila zumu. Nimefanya hivyo. Kwenye simu nasoma Tabata na Kariakoo na hata maandishi ya ubavuni. Kwenye kamera nasoma rangi ya kibao. Faili zote mbili nimewawekea kwenye flashi iliyomo kwenye bahasha hii, mziangalie kwenye televisheni kubwa mnayoiwasha pale mlangoni.

Sasa ukumbini, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo palipoumiza. Mpwa wangu alikuwa na send-off Sinza. Nilikwisha waambia ndugu wasihangaike sana na mpiga video, mimi nitarekodi. Taa zilipopunguzwa bibi harusi akiingia, picha ilijaa chenga kiasi kwamba gauni na ukuta vilikuwa kitu kimoja. Nikawasha hicho mnachokiita kurekodi gizani. Kumbe ni taa ndogo ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ambayo inageuza kila kitu kuwa cheusi na cheupe na haifiki mbali. Mama zake wamevaa sare ya rangi waliyoitafuta kwa wiki nzima, kwenye video wote wamevaa kijivu. Shangazi mkubwa, aliyekaa karibu, macho yanang'aa kama paka wa usiku, na ameniomba nisimwonyeshe mtu.

Taa ziliporudi likaja jingine: mistari myeusi mipana inapanda kwenye picha bila kukoma, tangu keki hadi zawadi. Hili lina maelezo, na muuza kamera wa nchi hii anapaswa kulijua. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za tyubu, na nyingi za LED za bei nafuu, zinapungua na kuongezeka mwanga mara 100 kwa sekunde. Kamera inayorekodi fremu 25 au 50 kwa sekunde inakwenda sambamba nazo. Inayorekodi 30 tu inapishana nazo, mistari inatokea. Kamera nyingi zina mahali pa kuchagua umeme wa hezi 50 au 60. Hii ina 60 peke yake. Imetengenezwa kwa ajili ya nchi zenye umeme wa namna nyingine, nanyi mkaileta hapa na kuiita ya shughuli za nyumbani.

Kuhusu mtikisiko barabarani na upepo unaomeza sauti kwenye pantoni la Kigamboni sitasema mengi, kwa bei hiyo nilitegemea. Na nisiwaonee: mchana, nje, bila zumu, mtu akiwa hatua chache, inatoa picha ya kuridhisha, ni nyepesi, na kioo chake kinageuka ukaweza kujirekodi mwenyewe. Mngeniuzia kama kamera ya watoto ya kuchezea uani, kwa bei ya kitu hicho, tusingekuwa na barua hii.

Mmenipa ofa ya kubadilishiwa nyingine ya aina ileile. Sioni faida yake, kwa kuwa itakuwa na kihisio kilekile na boksi lilelile. Nilipodai fedha nilionyeshwa kibao cha ukutani: "Mali ikiuzwa hairudishwi." Kibao hicho kinaweza kumhusu mtu aliyebadili mawazo akiwa njiani kwenda nyumbani. Hakiwezi kumhusu aliyeuziwa kitu kwa maelezo yasiyo ya kweli. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Naomba nirejeshewe shilingi 485,000 zote ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Kamera ipo na boksi lake, chaja, na karatasi ile ya maelekezo ambayo nimeweka alama ukurasa wa mwisho. Aidha, naomba maboksi yaliyobaki rafuni myabandike kipande cha karatasi kinachosema zumu ni ya kidijitali na kihisio ni cha megapikseli 2, ili anayenunua achague mwenyewe akiwa anajua. Nilipopita dukani juzi bado yalikuwa yamepangwa mbele, chini ya tangazo la "4K halisi".

Siku hizo zikipita kimya, nitawasilisha malalamiko Tume ya Ushindani nikiwa na risiti, boksi na faili hizo mbili za daladala.

Namba yangu ya simu mliiandika nyuma ya risiti. Nipigieni baada ya saa kumi jioni, kabla ya hapo nakuwa darasani na simu huwa nimeizima.

Wenu,

Mteja, mwenye risiti iliyoambatanishwa