Jero mpya, mwaka wa zamani

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Wewe na bwana na watoto hamjambo? Goti la mama mkwe limepoa? Sisi huku wazima, ila joto na wateja wa mkopo ndiyo vinatumaliza. Najua umeninunia kwa kimya changu, na haki yako. Lakini na wewe simu hupigi, kazi yako kuweka picha za mikeka kwenye status. Basi tuseme tumelipana.

Kilichonishikisha kalamu ni Kombo. Kanipigia usiku, sauti juu, hata salamu hamna: kapata pesa ya Seyyid, ile sarafu ya masultani wa Zanzibar, huko Bagamoyo, ina mwaka 1299. "Dada, hii kabla ya Mreno! Miaka mia saba!" Na kuna bwana mmoja wa Dar anaitaka kwa mamilioni, ila kwanza atumiwe hela ya kuipima. Nitamrudia Kombo. Ngoja kwanza nikupe yangu, maana nisipokwambia wewe nitamwambia nani? Humu ndani wanadhani nimerogwa.

Duka, unajua mwenyewe, haliendi bila chenji. Yule kijana wa soda akaniletea jero, zile sarafu za mia tano, mpya, mpya kweli, zimetoka benki bado zimo kwenye kipakiti cha nailoni, hazijaguswa na mkono wa konda. Nikazimwaga kwenye sinia, nikavaa miwani ya baba, nikaanza kusoma miaka. 2014. Nyingine, 2014. Nikachimba za chini, 2014. Sinia zima, Mwanaidi, na kung'aa kote kule! Mteja kasimama anataka sukari robo, mimi namwambia subiri kidogo, nasoma.

Sasa niambie, sarafu inatokaje leo ikiwa na umri wa mtoto anayekaribia kumaliza shule?

Ya 2014 yenyewe naikumbuka vizuri. Jero ya sarafu ilitoka Oktoba mwaka ule, na hapa barabarani watu waliikataa, wakasema ya bandia. Benki Kuu ilieleza kwamba noti ya mia tano inapita mikono mingi mno, inachakaa upesi, sarafu itadumu. Kweli imedumu, kwa sababu noti zenyewe zile za 2010 zimeondolewa. Mwisho wa kuzibadilisha ulikuwa tarehe 5 Aprili 2025. Bi Zaina zake zilikutwa chini ya godoro mwezi wa tano, na usimtaje hilo ukionana naye, bado ni kidonda.

Hebu chukua jero yako hapo ulipo. Upande mmoja Karume, upande wa pili nyati. Sasa isogeze kwenye mwanga wa mlango, uiinamishe taratibu. Unaona kale kasehemu kenye michirizi? Ukiilaza hivi kanasoma 500, ukiilaza vile kanasoma BOT, yaani Benki Kuu yetu. Mimi nimekaa nayo pale kaunta naigeuza mpaka Shehe wa duka la jirani akauliza kama naisomea dua. Na inanaswa na sumaku, maana ndani ni chuma, nikeli imepakwa juu tu. Fundi redio kanipa sumaku ya spika iliyokufa, nikajaribu na mia mbili yangu ya 1998, ile ya simba wawili. Hiyo haikuitikia hata kidogo. Tangu hapo kila chenji inayoingia dukani inapita kwenye sumaku kwanza, na mume wangu kesha nizoea, anacheka tu.

Lakini mwaka, bado mwaka unanisumbua. Nina mawazo mawili. La kwanza, Benki iliagiza mzigo mkubwa mara moja, ukawekwa ghalani, unatolewa kidogo kidogo. La pili, wanaendelea kuzigonga kwa muhuri uleule wa 2014 bila kubadilisha tarakimu. Mimi naegemea la kwanza, Shehe anashikilia la pili, tumebishana mpaka adhana ya alasiri.

Na Shehe ana hoja, maana alinikumbusha riale, ile sarafu ya fedha ya zamani. Unaikumbuka ile ya bibi yangu, aliyoitoboa akaivaa shingoni? Yule mama mnene wa kwenye riale ni Maria Theresa, malkia wa Austria. Imeandikwa 1780, na mwaka huohuo ndio aliokufa. Basi wafanyabiashara wa Arabuni na Uhabeshi na pwani yetu hii walikuwa hawataki fedha nyingine ila yenye sura ile na mwaka ule. Kwa hiyo wakaendelea kuigonga hivyohivyo, 1780, 1780, zaidi ya miaka mia na hamsini: Vienna, baadaye Roma, London, hadi Bombay. Chini ya shingo yake kuna herufi S.F., za mabwana wawili waliosimamia kiwanda enzi zile. Nao walikwisha kufa zamani, herufi zao bado zinapigwa chapa. Kwa hiyo riale ya bibi inaweza kuwa ya kabla ya Seyyid Said au ya juzi ya Mussolini, na yote imeandikwa 1780. Nilipomwambia mama hivyo alikasirika, kana kwamba nimemwambia bibi alivaa bati.

Halafu kuna hili la herufi. Jero nimeipekua pande zote mbili, hadi ukingoni, natafuta herufi ya kiwanda, sijaona. Zamani walikuwa hawafichi. Mjerumani aliandika: A ni Berlin, J ni Hamburg. Na vita ilipopamba moto, meli hazifiki, wakagonga wenyewe Tabora kwenye karakana ya reli mwaka 1916, wakatia T. Ile ya dhahabu yenye tembo, rupia kumi na tano, dhahabu yake ilitoka Sekenke. Mwingereza naye, kwenye zile senti zenye tundu na shilingi ya simba, utakuta H au KN, zote za Birmingham, au SA ya Pretoria, au I ya Bombay wakati wa vita ya pili. Mtu unaishika shilingi ya 1944 yenye SA unajua imetoka wapi na kwa nini imetoka huko: London mabomu, bahari ina manowari, basi tugongeeni nyie wa Pretoria. Hii ya sasa inakuonyesha nyati na kivuli cha BOT kinachojificha, halafu haikwambii imezaliwa wapi. Mimi naona ni uchoyo.

Afadhali hata zile za 1966, Benki Kuu ilipoanza. Hazikuwa na makeke lakini zilipendeza: senti tano na sulisuli wake na pembe kumi na mbili, ishirini na mbuni, hamsini na sungura, shilingi na mwenge. Sulisuli nimempata kwenye kopo la vifungo la shangazi, kachakaa lakini pezi lote lipo. Sungura bado namtafuta. Ukimwona popote...

Haya, Kombo. Mwambie, na umwambie wewe maana mimi ananiona mdogo wake, hiyo 1299 ni Hijria. Hijria! Yeye aliyekaa chuoni akahitimu, anasoma tarakimu za Kiarabu bila kigugumizi, anashindwaje na hilo? Ni kama 1882 kwa kalenda ya wazungu, wakati wa Seyyid Barghash. Aigeuze, ataona mizani upande mmoja. Ni shaba, na zilitoka kwa wingi; wakubwa zetu walizitumia kununulia dagaa. Vasco da Gama alikwisha kuja na kuondoka miaka mia tatu na kitu kabla yake. Na huyo bwana wa Dar anayetaka hela ya kupima, Kombo asimtumie hata mia. Anayetaka kununua anatoa hela, haombi. Kuna mtu huku Makorora kaliwa hivyohivyo kwa rupia ya Mjerumani, kaambiwa ina zebaki ndani, kauza pikipiki. Sitaki tusikie na Kombo kauza ngalawa ya mzee.

Na asiisugue! Hili mwambie mara mbili. Najua atakwenda na ndimu na majivu ing'ae. Weusi ule ndio sura yake, akiuondoa hata anayejua thamani hataitaka.

Sasa shida zangu kwako, usichoke. Wewe uko pale soko la samaki asubuhi, chenji inapita mikononi mwako kuliko mimi. Jero ukiona yenye mwaka wowote usiokuwa 2014, niwekee, hata kama imechakaa, nitakurudishia jero nyingine na soda juu. Mia mbili nina ya 1998 na ya 2014, ya 2008 imenipiga chenga. Na lile kopo la marehemu babu yako, lenye heller, zile senti za Mjerumani, bado lipo uvunguni au shemeji kalihamisha? Hukuwahi kuniambia zina A au J. Kuna hata moja ya 1916? Ukiona T, funga mlango kwanza ndiyo unipigie. Riale mlikuwa nayo nyinyi, au ilikuwa ya akina Mwanahamisi? Na kwa upande wako, jero mpya zikifika Bagamoyo zinasema mwaka gani? Ubishi wangu na Shehe unategemea wewe, tumewekeana sahani ya mkate wa kumimina. Tena, unakuja Tanga lini? Ulisema baada ya Idi, Idi gani? Na ile habari ya Mwanahamisi na yule fundi ni kweli, au maneno ya watu?

Nijibu kwa maandishi, tafadhali. Ukinitumia sauti unaongea huku unakaanga, nasikia mafuta tu.

Wako,
Mwanahawa

Nimesahau: vitenge vyako viko kwa Bi Zaina, umlipe kwa simu, noti hataki tena kuziona.