Refa wa Tanga anahukumiwa kwa kitabu cha Marekani

Ndugu Mhariri,

Mtoano wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ukifika, baraza za kahawa za Ngamiani hazina tena habari nyingine. Fainali za Juni kwa saa zetu huanza kama saa 9:30 usiku. Adhana ya alfajiri huikuta mechi robo ya tatu, na jua likichomoza kila mtu ana kipande chake cha sekunde 15 kwenye simu cha kumthibitishia mwenzake kwamba refa kauza mechi. Hapo hakuna ubaya, kashata hailiwi kimya kimya. Balaa huanza jioni, watu walewale wanapojipanga pembeni mwa uwanja wa zege na kumzomea refa wetu kwa sheria asizozitumia.

Kikapu cha hapa nyumbani huchezwa kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, sawa na Ligi ya Kikapu ya Afrika iliyoanza Kigali mwaka 2021. NBA wana kitabu chao. Kwamba robo ya kule ni dakika 12 na ya kwetu 10, au kwamba mchezaji wa kule hutoka kwa faulo ya sita na wa kwetu kwa ya tano, hilo hata watoto wanalijua. Ugomvi unatoka kwingine.

Tuanze na mpira ulio juu ya ringi. Kule, ukiwa bado unazunguka juu ya tundu, hauguswi na mtu. Kwa FIBA, shuti likishagonga ringi, mlinzi ana ruhusa ya kuufagia na mshambuliaji ana ruhusa ya kuusukumia ndani, ilimradi asiingize mkono kutokea chini na asitikise ringi wala ubao. Mlinzi akiufagia kihalali, nusu ya uwanja inasimama kudai pointi mbili. Refa yuko sahihi, na anatukanwa.

Kisha mrefu anayesimama chini ya ringi. NBA humwadhibu mlinzi anayekaa kwenye boksi, lile eneo la mstatili mbele ya ringi, zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu kwa karibu: wapinzani hupewa mtupo huru mmoja na mpira hubaki wao. FIBA hawana kitu hicho, sekunde tatu ni za mshambuliaji peke yake. Hasheem Thabeet wetu, wa pili kuchaguliwa kwenye drafti ya 2009, yaani zamu ya timu za NBA kuchagua wachezaji wapya, mbele ya James Harden na Stephen Curry, kwa mita zake 2.21 angejiegesha pale robo nzima hapa Tanga bila kusikia filimbi. Kule Memphis, kwenye timu iliyomchagua, asingeruhusiwa.

Taimauti, yale mapumziko mafupi ya kuombwa, nayo imeshatoa watu machozi. Kwenye televisheni mchezaji aliyebanwa pembeni anaonyesha ishara ya T na refa anapuliza. Vijana wetu wanaiga, refa anawatazama tu, mpira unaporwa, basi tena: kaonewa! Kwa FIBA mchezaji hana mamlaka ya kuomba taimauti. Anayeomba ni kocha mkuu au msaidizi wake wa kwanza, tena mezani kwa watunza alama, na hutolewa mpira ukiwa umekufa au timu hiyo ikiwa imetoka kufungwa kikapu. Ni mbili kipindi cha kwanza, yaani robo mbili za mwanzo, na tatu cha pili, na katika dakika mbili za mwisho haziwezi kuzidi mbili. Kocha anayesubiri hadi kijana wake abanwe ndipo apige kelele kutoka benchi ameshachelewa.

Hatua ya sifuri ni ya pande zote mbili, FIBA waliikubali mwaka 2017, lakini inasomwa vibaya. Inamhusu mchezaji anayepokea mpira, au anayemaliza kudunda, huku akiwa kwenye mwendo: mguu ulio chini wakati anaushika mpira hauhesabiwi, kisha ana hatua mbili. Aliyepokea akiwa amesimama hana sifuri. Huyo mguu wake wa egemeo hauruhusiwi kuinuka kabla mpira haujatoka mkononi kwenda kudundwa, na hapo ndipo wengi wetu wanapulizwa.

Sasa niseme kuhusu rangi ya mistari ya uwanja, maana jambo hili halimhusu refa hata kidogo. Kwenye viwanja vingi vya wazi ile nusu duara ndogo chini ya ringi, ambayo mlinzi aliyesimama ndani yake hawezi kudai kagongwa, imefutika, au haikuchorwa tangu mwanzo. Refa anayeamua kama mlinzi kaziba njia au kagongwa huanza kutazama miguu ya mlinzi: imeshatua kabla mshambuliaji hajaruka, na imetua nje ya nusu duara? Ikiwa mstari wenyewe haupo, anakisia. Kule Marekani, wenye marefa watatu na kamera kila pembe, mechi ya kwanza ya fainali ya 2018 ilivurugika zikiwa zimebaki sekunde 36.4 kwa sababu ya uamuzi wa aina hii. Kwanza LeBron James wa Cleveland alipewa haki kwamba Kevin Durant wa Golden State kamgonga. Marefa wakaenda kwenye skrini kuangalia alikuwa wapi kwa nusu duara, wakarudi na uamuzi uliogeuka, kwamba LeBron ndiye aliyeziba njia. Wetu hana skrini. Mpeni basi mstari.

Kuuchora ni kazi ya asubuhi moja. Pima katikati ya mstari wa mwisho wa uwanja, kisha ingia ndani mita 1.575 kutoka ukingo wake wa ndani. Hapo ndipo chini ya kitovu cha ringi. Dondosha timazi kuhakikisha, kisha gongomea msumari. Kwa kamba ya mita 1.25 chora nusu duara, ncha zake mbili ziendelee kwa mstari ulionyooka kuelekea mstari wa mwisho hadi usawa wa uso wa ubao, kama sentimita 37. Msumari uleule unatumika kwa mstari wa pointi tatu, mita 6.75, mpaka upinde ukutane na mistari iliyonyooka ya pembeni, ile iliyo sentimita 90 kutoka ukingoni. Upana wa rangi ni sentimita 5. Kamba ya nailoni inavutika na kukupa yai badala ya duara. Heri ya mkonge wetu, au futi ya chuma. Kosa la kawaida ni kugongomea msumari usawa wa uso wa ubao. Ukifanya hivyo, mstari wa pointi tatu kule juu unasogea karibu na ringi kwa zaidi ya sentimita 37, na vijana mnaowasifu kwa mashuti ya mbali wakienda kucheza Dar es Salaam mipira inaishia mbele ya ringi. Watu husema wana woga. Woga wa nini, walizoea mita 6.38.

Kuhusu tabia za wachezaji, ambazo barazani zinaitwa moyo wa ushindani, hizo zina hesabu. Golden State ya 2016 ilishinda mechi 73 za msimu na kuongoza fainali 3–1 dhidi ya Cleveland. Mpaka leo wapo wanaosema ligi iliwanyang'anya kombe kwa kumfungia Draymond Green mechi ya tano. Faulo za ukatili kwenye mtoano zina pointi: daraja la kwanza moja, daraja la pili mbili, na ukivuka tatu unakaa nje mechi moja. Green alikuwa nazo tatu tayari, moja kwa Michael Beasley wa Houston na mbili kwa teke lililomfikia Steven Adams wa Oklahoma City. Aliingia fainali akijua hana akiba, kisha akarusha mkono kwa LeBron. Cleveland walishinda mechi ile 112–97, LeBron na Kyrie Irving wakifunga pointi 41 kila mmoja. (Wanaolalamika husahau pia kwamba Andrew Bogut aliumia goti mechi hiyohiyo na hakurudi tena.) Kwetu gharama ni kubwa zaidi, kwa sababu faulo ya kiufundi ya FIBA inaingia kwenye zile tano za mchezaji, na ya pili inamtoa uwanjani. Nyota anayebishana na refa robo ya kwanza amekwishajipunguzia mechi.

Ndiyo maana nikiulizwa nani atafika mbali kwenye mtoano sianzi na nafasi ya msimamo. Miami ya 2023 ilipoteza mechi yake ya kwanza ya mchujo wa kuwania nafasi za mwisho za mtoano kwa Atlanta, ikaifunga Chicago, ikaingia mtoano ikiwa ya nane, ikaitoa Milwaukee 4–1 na kufika fainali. Naangalia nani anabaki uwanjani bila mzigo wa faulo robo ya nne, na nani anaingiza mitupo huru.

Sisemi marefa hawakosei. Mechi ya sita ya fainali ya Kanda ya Magharibi mwaka 2002, Lakers walipewa mitupo huru 27 dhidi ya Sacramento robo ya nne pekee, na shabiki wa Sacramento ana haki ya kulia mpaka kesho. Lakini mechi ya saba Sacramento walikuwa nyumbani, wakapewa mitupo 30, wakaingiza 16, wakafungwa 112–106 baada ya muda wa nyongeza. Sijasikia mtu barazani akiitaja hiyo 14 waliyokosa.

Ombi langu kwa ukurasa wako wa michezo ni dogo. Tangu 2015 NBA hutoa siku ya pili yake taarifa ya maamuzi ya dakika mbili za mwisho kwa mechi zilizokaribiana. Sisi hatuna video, ila tuna karatasi ya alama. Kila faulo imeandikwa pale: P ya kawaida, T ya kiufundi, U isiyo ya kimichezo, pamoja na namba ya mitupo iliyotolewa na faulo za timu kwa kila robo, ambapo kuanzia ya tano ni mitupo miwili. Mwandishi wako akipiga picha karatasi hiyo mechi ikiisha, na mistari minne ya hesabu ikachapwa chini ya habari, tutajua timu iliyofungwa iliingia dakika ya mwisho na faulo ngapi. Kichwa cha habari cha "Refa aharibu mechi" kisichotaja hata faulo moja kiachwe kwa wenye simu.

Mpenzi wa kikapu,
Chumbageni, Tanga