Kopi za vitambulisho vyetu zinafungia karanga

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kukuandikia. Ile habari yenu ya wiki iliyopita, kwamba ofisi za umma hapa Moshi sasa "zinahudumia kimtandao", imenishinda kunyamaza.

Mwezi uliopita nilikwenda ofisi moja, siitaji, kufuatilia kiwanja cha marehemu mume wangu. Saa moja na nusu asubuhi nilishakaa kwenye benchi. Nilipofika dirishani nikaambiwa, "Mama, lete kopi mbili za NIDA," yaani kitambulisho cha taifa. Ilikuwa mara ya nne, ofisi ile ile! Namba yangu ya tarakimu 20 nilikuwa nayo, na vidole vyangu Serikali ilishavichukua. Kijana wa dirishani akanijibu kuwa mifumo ya kompyuta ya ofisi za Serikali haisomani. Rais mwenyewe ameagiza isomane.

Nikavuka barabara kwenda steshenari. Na kwa kuwa fomu yenyewe hujazwa mtandaoni, nami sina imeili, mwenye steshenari akanifungulia moja, akanitungia nywila na kuiandika kwenye daftari lake la kaunta, pembeni ya namba yangu ya NIDA. Daftari limejaa majina ya wazee wenzangu, kurasa kwa kurasa, na wateja wengine wanalichungulia. Simlaumu. Nani mwingine angenisaidia?

Sasa sikiliza hili. Jumamosi nilinunua karanga sokoni Kiboriloni. Nilipokunjua karatasi, nikakutana na uso wa mwanamke nisiyemjua: kopi ya kitambulisho chake, majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, saini, na juu yake muhuri wa kupokelewa ofisini, wino wa bluu umechanganyika na chumvi. Muuza karanga hana kosa, yeye hununua karatasi kwa kilo. Nauliza aliyeziuza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Mama huyu alipanga foleni, akatoa karatasi yake kwa heshima kwa sababu aliyeiomba ni Serikali, ikaishia kufungia karanga! Halafu tunashangaa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mimi walishanipigia wakaniita majina yangu yote matatu, hadi la babu.

Kijana anayesajili laini chini ya mwavuli pale stendi hahitaji kopi. Anakuwekea kidole kwenye kimashine, jina lako linatokea. Kila dirisha la ofisi za umma liwekewe kimashine kama hicho, kopi zikome, na zilizorundikwa zichomwe nyuma ya ofisi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Na Jumanne asubuhi awepo mtumishi mmoja, mwenye kiapo cha kazi, wa kutujazia fomu sisi wazee.

Karatasi ya yule mama ninayo, nimeifungia kabatini. Akisoma barua hii akafika ofisini kwenu, nipigieni simu. Nitamletea mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Pasua, Moshi